Boksi la Xiaomi na PS4 Slim ya mtumba: KSh 35,000 zinanunua burudani gani Nairobi

Ukiingia Luthuli Avenue na KSh 35,000, kuna vitu viwili utakavyoonyeshwa kabla hujamaliza salamu: boksi la TV la kutazamia video za mtandaoni, lenye maandishi makubwa ya 8K, na mashine ya gemu ya PS4 "iliyofunguliwa", yaani iliyovunjwa ulinzi wa Sony, yenye gemu thelathini ndani. Achana navyo vyote viwili. Pesa hizo hizo zinatosha Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili, ambayo huuzwa takriban KSh 7,000 hadi 9,000, na PS4 Slim ya mtumba yenye pedi moja ya kuchezea, takriban KSh 22,000 hadi 27,000 kulingana na hali yake. Hakuna mchanganyiko mwingine wa bei hiyo unaoitendea haki TV ya nyumbani. Bei ni za kuelewana, na kufikia Desemba muuzaji huwa haelewani na mtu.

Tuanze na boksi. Kizazi hiki cha pili kilitoka mwaka wa 2023. Kina RAM ya GB 2, hifadhi ya GB 8, kinaendeshwa na Google TV, mfumo wa Google wa televisheni, na kinatoa picha ya 4K. Kwenye karatasi kinaonekana hafifu kikiwekwa kando ya maboksi yasiyo na jina yanayouzwa nusu ya bei na kudai RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Lakini Xiaomi imepitishwa na Google na Netflix, na hayo mengine hayajapitishwa na yeyote. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda.

Video za kulipia husafiri zikiwa zimefungwa kwa kufuli la kidijitali liitwalo Widevine. Kifaa chenye kiwango cha L1 hulifungua ndani ya sehemu ya chipu iliyolindwa. Chenye L3 hulifungua kwa programu tu, na wenye filamu hawakiamini, kwa hivyo Netflix hukipa picha hafifu ya 480p na kuishia hapo. Ndiyo maana unaweza kulipia kifurushi cha juu kabisa, ukawa na TV ya inchi 55 na boksi lililoandikwa 8K, na bado nyuso zikaonekana kana kwamba kioo kimepakwa mafuta. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hali hiyo, na fundi akikuambia atakuwekea "Netflix ya HD" kwa mia tano, mwache aendelee na kazi nyingine.

Kabla ya kulipa, omba boksi liwashwe kwenye TV ya duka. Google TV halisi huanza kwa kukuomba uingie kwenye akaunti, kisha huonyesha safu za vipindi. Boksi bandia ni Android ya simu iliyovalishwa sura ya TV, na rimoti yake ina kitufe kinacholeta mshale wa kipanya kwenye skrini. Mshale huo pekee unatosha kukurudisha mlangoni, kwa kuwa umewekwa ili uweze kubonyeza programu za simu ambazo hazikutengenezewa rimoti. Kama bado una shaka, fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya Kuhusu. Kwenye maboksi ya aina hii ndiko utakakoona kama kifaa kimeidhinishwa au la. Unaweza pia kupakua programu ndogo iitwayo DRM Info na kutazama kiwango cha usalama cha Widevine. Ikisema L3, mazungumzo yamekwisha.

Zile namba za ubavuni nazo zina ujanja wake. Mengi ya maboksi hayo hutumia chipu za bei nafuu kama Allwinner H616 au Rockchip RK3229, ambazo haziwezi kutoa picha ya 8K hata siku moja. Hifadhi ya GB 64 mara nyingi ni ya GB 8 au 16 iliyodanganywa ndani ya mfumo, kwa hivyo hata ukiingia kwenye mipangilio utaona 64. Uongo hujitokeza siku unapojaza: mafaili yanaharibika, programu zinajifunga, na boksi linaganda kwenye nembo ya kuwaka.

Kuna jambo zito zaidi. Januari 2023, mtaalamu mmoja aligundua programu hasidi ndani ya boksi la T95, mojawapo ya maboksi ya H616 yaliyosambaa sana duniani, ikiwa imewekwa hata kabla ya mteja kulifungua. Mwezi Juni 2025, FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0 unaotumia vifaa vya aina hiyo. Boksi lililoambukizwa hugeuzwa njia ya kupitishia shughuli za watu wengine kupitia intaneti yako. Wewe utaona tovuti zinakuuliza kila mara kama u binadamu, na intaneti inakuwa nzito saa ambazo nyumba nzima imelala. Kulirejesha boksi kwenye hali ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu uchafu uko kwenye mfumo wenyewe, na hiyo hali ya kiwandani ndiyo iliyokuja nao.

Turudi kwa Xiaomi, maana nayo ina kasoro zake. GB 8 ni finyu. Mfumo ukishachukua sehemu yake, unabaki na nafasi ya programu chache tu, na ikijaa masasisho hukwama na YouTube huanza kujifunga yenyewe. Futa kabisa programu usizotumia, kisha safisha kache za zile kubwa, na uache angalau GB 1 wazi. Kizazi cha tatu, kilichotoka 2025, kina GB 32. Ukikikuta kwa nyongeza ya elfu moja au mbili, ongeza.

Halafu halina tundu la waya wa intaneti. Lina Wi-Fi ya 2.4 GHz na 5 GHz, na kwenye magorofa ya Roysambu au Pipeline, ambako nyumba ishirini zina ruta ishirini, masafa ya 2.4 huwa yamejaa kiasi kwamba kasi hushuka kila jioni hata kama kifurushi chako ni kizuri. Tumia 5 GHz ikiwa ruta iko chumba kimoja na TV. Ukuta mmoja wa mawe huipunguza sana, kuta mbili huiua. Ikiwa ruta iko mbali, nunua adapta ya USB ya kupokea waya wa intaneti na uichomeke kwenye tundu la USB la boksi. Tundu hilo ni moja tu, kwa hivyo ukiweka adapta umepoteza mahali pa flashi, isipokuwa uongeze kigawanyio.

Angalia na chaja yake. Baadhi huja na plagi ya Ulaya ya miguu miwili ya mviringo, ilhali soketi zetu ni za miguu mitatu bapa. Kibadilishio kilegevu husababisha boksi kujizima na kuwaka tena, na mtu hudhani boksi ni bovu.

Wanaopenda kijiti badala ya boksi wanaweza kuchukua Xiaomi TV Stick 4K bila majuto makubwa. Ile Mi TV Stick ya 2020 yenye RAM ya GB 1 na picha ya 1080p iachwe hata kwa bei ya kutupa, maana programu za leo zinailemea. Kosa la wengi kwenye vijiti ni kuviwasha kwa tundu la USB la TV. Tundu la USB 2.0 la kawaida hutoa ampea 0.5, na kijiti kikianza kucheza video huhitaji zaidi ya hapo. Kinazimika, kinawaka, kinazimika. Tumia chaja yake ukutani. Na kama Wi-Fi inayumba, weka waya mfupi wa kurefusha HDMI ili kijiti kitoke nyuma ya TV, kwa sababu mgongo wa TV wenye bati huzuia mawimbi.

Kuhusu kasi, Netflix inapendekeza Mbps 3 kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Kwa hivyo kifurushi cha nyumbani cha Mbps 15 kinatosha 4K kama hakuna mwingine anayetumia intaneti, na nyumba ya namna hiyo sijui iko mtaa gani. Kwa Mbps 15, tazama kwa 1080p na uwe na amani. Wanaotumia bando za simu wakumbuke kwamba saa moja ya HD hula hadi GB 3, na saa moja ya 4K hadi GB 7. Filamu mbili za 4K na bando la GB 20 limekwenda.

Mpira ndio unaowapeleka wengi kwa boksi bandia: "channel zote za michezo, hakuna kulipa kila mwezi." Programu hizo huiba matangazo, na seva zake hufungwa bila taarifa, mara nyingi siku yenye mechi kubwa ambapo wengi wameingia kwa pamoja. Boksi halali halikupi Ligi Kuu ya Uingereza bure. Utalipia DStv kwa programu yake ya mtandaoni, au uende kibandani. Ukiitumia programu hiyo kwenye Xiaomi, ingia kwenye mipangilio ya picha ubadilishe kasi ya skrini kutoka 60 Hz hadi 50 Hz. Matangazo ya mpira wa Uingereza hurushwa kwa fremu 50 kwa sekunde, na boksi likiwa kwenye 60 mpira unaonekana ukirukaruka kila kamera inapomfuata winga. Wengi hulaumu intaneti kwa kosa ambalo rimoti inalimaliza kwa nusu dakika.

Na kwa KBC, Citizen, NTV na nyinginezo za bure, huhitaji boksi lolote. TV nyingi zinazouzwa Kenya zina kipokezi cha matangazo ya dijitali (DVB-T2) ndani, antena inatosha.

Sasa PS4, na hapa macho yanahitajika zaidi kwa sababu unanunua kifaa kilichokwisha kutumika. Kuna aina tatu. Ile nene ya 2013 inapokea Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee na feni yake hupiga kelele. Pro ya 2016 ina nguvu zaidi, ina joto zaidi, na faida yake huonekana hasa kwenye TV ya 4K. Slim, ya 2016 pia, ina Wi-Fi ya 5 GHz, inatumia umeme mchache na hutulia. Chukua Slim. Kasoro yake moja ni kwamba haina tundu la sauti la optiki, kwa hivyo wenye home theatre ya zamani watatoa sauti kupitia TV.

Dukani usiridhike na kuona nembo ikiwaka. Weka gemu nzito na uiache icheze nusu saa. Feni ikipanda na kubaki juu kama inataka kuruka, vumbi limejaa au pesti ya joto imekauka. Ni kazi ndogo kwa fundi, lakini ipunguzwe kwenye bei. Ikijizima, ondoka. Ingiza CD na kuitoa mara kadhaa, maana mashine inayotema CD yenyewe au inayoichukua kwa kusitasita ina rola zilizochoka. Tikisa waya wa HDMI taratibu ukiwa umechomekwa: picha ikikatika, tundu limelegea kwenye bodi, na ukarabati wake ni wa kulehemu. Ingia kwenye akaunti yoyote ya PlayStation na uhakikishe mashine inaunganika, kwa sababu mashine iliyofungiwa na Sony haitaingia kwenye huduma zake za mtandaoni. Mwisho, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, baada ya mwenye zamani kuondoa akaunti yake kama mashine kuu.

Kitu kinachokufa mara nyingi kwenye PS4 za mtumba ni diski ngumu. Dalili ni menyu kusuasua, gemu kukwama zikipakia, na hatimaye ujumbe wa CE-34335-8, maana yake mashine haioni hifadhi yake. Jaribu kwanza kupanga upya hifadhidata: zima kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha hadi mlio wa pili usikike baada ya takriban sekunde saba, chomeka pedi kwa waya, kisha chagua namba 5. Isiposaidia, badilisha diski. Slim inapokea diski ya SATA ya inchi 2.5, na mahali pake ni kwenye kona ya nyuma: telezesha kifuniko, toa skrubu moja, vuta. Weka SSD ya GB 500, nayo itapunguza muda wa kusubiri pia. Utahitaji flashi yenye folda ya PS4, ndani yake folda ya UPDATE, na ndani ya hiyo faili ya PS4UPDATE.PUP, ile kamili ya kusakinisha upya kutoka tovuti ya PlayStation. Faili ndogo ya sasisho la kawaida haitafanya kazi kwenye diski tupu. Hapa ndipo mafundi wa haraka huchemka.

Pedi ijaribiwe peke yake. Ingia kwenye gemu, weka pedi mezani, uitazame. Mchezaji akitembea bila kuguswa, vipimo vya ndani vya kijiti cha kuongozea kwenye pedi vimelika, na kusafisha kwa spiriti huleta nafuu ya muda tu. Pedi bandia ni nyepesi, na sehemu yake ya kugusa hubonyea lakini haifuati kidole.

Ile PS4 "iliyofunguliwa" inavutia kwa gemu zake thelathini, ila ifikirie vizuri. Ili kufunguka, mashine hubaki kwenye mfumo wa zamani kama 9.00 au 11.00, kwa hivyo gemu zinazodai mfumo mpya zaidi hazifunguki. Kila ukizima kabisa, ufunguzi hurudiwa upya. Ukiipeleka mtandaoni, Sony inaweza kuifungia. Na gemu zenyewe ni za wizi, huwezi kuziuza ukizichoka.

Kuuza ndiko kunakoipa PS4 thamani yake hapa mjini. CD ya gemu ni mali: unainunua, unaimaliza, unaipeleka duka la Moi Avenue au Tom Mboya Street, unaongeza mia kadhaa na kuondoka na nyingine. FC, gemu ya mpira ya EA, hutoka kila mwisho wa Septemba: FC 24 tarehe 29 Septemba 2023, FC 25 tarehe 27 Septemba 2024, FC 26 tarehe 26 Septemba 2025, na zote tatu zilitoka kwa PS4 pia. Mpya ikishafika, ya mwaka uliopita hushuka ghafla. Mwenye subira hununua Oktoba. Mwenye nayo auze Agosti.

Kuhusu akaunti, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Store, hivyo watu hufungua ya Marekani au ya Uingereza, na nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye. Chagua kwa kutazama CD zako. CD yenyewe hucheza popote, lakini vya ziada unavyonunua mtandaoni lazima vitoke duka la eneo la CD hiyo. Nyingi za Nairobi ni za Ulaya, ilhali kadi za kujaza pesa zinazopatikana kwa urahisi ni za dola. Kama hununui vya ziada, chukua ya Marekani. Kama unanunua pointi za FC, ya Uingereza itakuepusha na pointi zisizokubali CD yako.

Kucheza FC mtandaoni kunahitaji PS Plus, huduma ya kulipia ya Sony, ambayo kwa akaunti ya Marekani kiwango cha chini ni dola 79.99 kwa mwaka, kama KSh 10,300. Ni ghali kwa mtu anayecheza wikendi. eFootball, gemu nyingine ya mpira, haihitaji malipo hayo. Pedi ya pili ni matumizi mazuri zaidi: mechi za sebuleni hazina bando wala kuchelewa kwa mtandao.

Gemu ya GB 50 kwa Mbps 15 hushuka kwa zaidi ya saa saba, mradi hakuna anayetazama kitu. Iache ishuke usiku. Stima ikipotea katikati, upakuaji huendelea baadaye, lakini kupotea mara kwa mara wakati diski inaandika ndiko kunakoiharibu hifadhidata. Wanaoishi mitaa yenye stima ya kuyumba waweke UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme ukipotea, kabla ya kununua gemu ya pili.

Slim ikicheza hutumia takriban wati 80. Saa tatu kila siku ni uniti 7 kwa mwezi, karibu KSh 200 za token. PS5 huweza kufika wati 200, yaani uniti 18, karibu KSh 500, na kwa nyumba inayokaa karibu na mpaka wa uniti 30 au 100, nyongeza hiyo inaweza kukupandisha daraja la bei.

PS5 ni mashine nzuri kuliko PS4 kwa kila kipimo isipokuwa bei na matumizi ya umeme. Ukiinunua, chukua yenye mahali pa CD. Ya kidijitali inakufungia nje ya soko lote la kubadilishana. Xbox Series S nayo haina CD, na Game Pass Ultimate, usajili wake wa gemu, ilipanda hadi dola 29.99 kwa mwezi Oktoba 2025. Kwa Nairobi, hapana.

Ukilipa, risiti iandikwe namba ya utambulisho ya mashine (serial number), ile iliyo nyuma au chini, na idadi ya siku za kuijaribu. Siku saba ndizo za kudai kwa PS4 ya mtumba. Muuzaji akikataa kuziandika ilhali ameziahidi kwa mdomo, duka la jirani lina PS4 hiyo hiyo.